Jina Alilompa Fisi

Siku ya kutafsiri sinema ya mumiani, Majidi Nurdini wa Isevya, Tabora mjini, hali chakula. Anakunywa chai ya rangi, basi. Mke wake Shamila alishaacha kumbembeleza, maana mara ya mwisho alimpikia ndizi kwa utumbo na jamaa akazirudisha zote uani kabla hajafika barabarani. Mtu mzima wa miaka arobaini na moja, mwenye sauti ya kutetemesha bati, anatapishwa na damu ya rangi! Lakini usimcheke kabla hujaziona sinema zenyewe.

Kazi yake ni hii. Batuli, mama mwenye banda la video pale Isevya, huleta sinema za Kizungu, na Majidi hushika maiki akazisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti zao. Wanarekodi, watu wananakili kwenye fleshi, zinasambaa mpaka vijijini. Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Asichokielewa anakitunga, na alichokitunga ndicho watu wanachokifuata. Mzungu mwenye bunduki atamwita Mahona wa Igunga, na mapolisi wote kwake ni kina Shigela. Watu wanacheka hadi wanadondoka kwenye mabenchi, kwa sababu jina la jirani likishaingia, sinema inakuwa ya kwao.

Za ngumi anazipenda. Za mapenzi anazivumilia. Lakini za mumiani, astaghfirullah! Anachukia ule mfyonzo wa shingo, fyoo, na ute unaovutika kati ya jino na ngozi ya mtu. Anachukia zaidi yule anayegeuka mnyama, mgongo unapasuka, manyoya yanachomoza yamelowa, ulimi unaning'inia hadi kidevuni unadondosha udenda.

"Ptuu! Batuli, hivi waliotengeneza uchafu huu wana mama zao kweli?"

"Wanao. Shika maiki, watu wameshajaa."

Na kweli walijaa. Tangu sinema hizo ziingie, nyingine zote zilikosa watazamaji.

Mnyama mwenyewe ni mbwa mwitu wa huko Ulaya, ambaye Tabora hakuna aliyewahi kumwona. Majidi akamwita fisi, mambo yakaisha. Sasa katika sinema moja ya mwaka jana kulikuwa na kikongwe anayegeuka fisi akiwa jikoni, kisha anawatafuna walinzi wa mumiani mmoja mwenye suti nyeupe, mmoja baada ya mwingine, na helikopta juu zinammiminia risasi. Kikongwe alihitaji jina. Majidi akampa jina lililokuwa karibu na ulimi, jina la bibi yake mzaa mama.

"Oneni, oneni! Bi Kabula wa Bukene kashavua ngozi!"

Banda likalipuka kwa kicheko. Isevya walijua kwamba Bi Kabula ndiye aliyemlea Majidi mpaka akaanza shule, na kwamba wawili hao hawaachani kwa maneno. Bibi humwita Majidi mume wangu. Majidi humuuliza atakufa lini ili aoe msichana mwenye meno, na bibi humrushia mwiko. Utani wa bibi na mjukuu ni halali yao, nani atamfungulia mwenzake kesi?

Bukene, anakoishi bibi, hawakucheka. Kule fisi si mzaha. Watu wanaamini wapo wanaowafuga na kuwapanda, na kikongwe mwenye macho mekundu ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole. Macho ya Bi Kabula yamekuwa mekundu kwa miaka sitini ya moshi wa kuni, lakini nenda kamwambie hivyo mtu aliyefiwa na mtoto.

Aliyepiga simu ni Kashindye, jirani yake bibi.

"Majidi, njoo. Fleshi yako imefika huku. Wanasema mjukuu wake mwenyewe kamtaja, aliyelala naye nyumba moja, nani anamjua zaidi? Kuku wake wamepigwa mawe. Jana wameacha barua mlangoni, ahame au watamhamisha wao."

"Mtendaji anasemaje?"

"Anasema tumletee majina ya walioandika. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, ndugu yangu. Njoo."

Barua za namna hiyo zinajulikana. Ikishaachwa mlangoni, kinachofuata ni panga. Majidi akapanda treni ya Mwanza bila kuaga hata kazini.

Aliposhuka Bukene, kitu cha kwanza kumpokea kilikuwa sauti yake mwenyewe. Ilikuwa inatoka kwenye spika ya kibanda cha kuchajia simu, nzito, imejaa furaha. Kashavua ngozi! Kisha ukafuata mlio wa kulamba, mlambo mrefu wenye mate. Majidi akasimama. Ule mlio haukuwa wa Wazungu. Alikuwa ameutoa yeye, kwa midomo yake, karibu kabisa na maiki, kunogesha. Akajifuta mdomo kwa kiganja mara tatu, na bado akauona mchafu.

Alimkuta bibi uani anapepeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekonda, huyo mwenzangu hakulishi?"

Ya barua hakuyataja, wala Majidi hakuwa na uso wa kuyataja.

Kesho yake ilikuwa siku ya mnada, na mchana banda la video la Bukene lilijaa pomoni. Majidi alimwomba mwenye banda, Mayala, aweke sinema ile ile na kuizima sauti. Akashika maiki. Kikongwe alipoanza kupasuka mgongo jikoni, akapaza sauti:

"Jamani, huyu si Bi Kabula! Bi Kabula ni bibi yangu, nilikuwa namtania. Haya manyoya yameshonwa na hii damu ni rangi tupu! Mkitaka jina la fisi, basi fisi ni mimi hapa, Majidi wa Isevya!"

Akalamba kwenye maiki. Watu wakaangua kicheko. Wakapigana mabega, mwingine akaita, "Majidi fisi!" Majidi akashusha maiki. Alhamdulillahi, yamekwisha.

Ndipo mzee mmoja wa benchi la mbele akageuka kuwatazama wenzake. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alisema taratibu, kama anayesoma tangazo:

"Mmemsikia wenyewe. Kumbe kishamrithisha."

Kicheko kikakatika. Waliokaa karibu na Majidi wakasogea. Uchawi hutoka kwa bibi ukaenda kwa mjukuu, kila mtoto wa Bukene anajua hivyo, na Majidi alikuwa mtoto wa Bukene. Mjini kumemsahaulisha, akaenda kuwapa ushahidi wa pili kwa mdomo ule ule uliotoa wa kwanza. Mpumbavu wee! Alitoka nje akatapika ukutani, na tumboni hamkuwa na kitu.

Bi Kabula alikataa kuhama. Kaburi la mumewe liko nyuma ya nyumba, nani atalifagia?

"Watakuua, bibi," Majidi akamwambia, analia waziwazi. "Na mimi ndiye niliyewapa sababu."

Bibi alikwenda akalifagia kaburi. Halafu akafunga mlango, ufunguo na kuku waliobaki akamwachia Kashindye. Stesheni, vijana waliozoea kumwamkia walitazama pembeni.

Siku ya tatu Isevya, akiwa mkekani na kikombe cha chai, akamwita mjukuu wake.

"Hiyo sinema yenyewe sijaiona. Huyo mwanamke uliyempa jina langu anaishia wapi?"

Majidi akatazama chini. "Wanamuua, bibi."

"Nani wanamuua?"

"Wanakijiji. Wanamfungia kwenye ghala la mahindi, wanalichoma moto."

"Na wewe hapo ulikuwa unasema nini?"

Majidi akajifuta mdomo kwa kiganja. "Nilikuwa nasema, choma, mchome Kabula."

"Watu wakacheka?"

"Hapana, bibi. Walisimama wakapiga makofi."