Namba Isiyo ya Bibi

Mimi nikiogopa huwa nachekesha. Darasani wanalijua hilo. Mwalimu akianza kurudisha mitihani, wenzangu wananitazama mimi kwanza, nikianza vichekesho wanajua hali ni mbaya. Basi shangazi aliponituma Kinole likizo hii, kwa Babu na Bibi, nikasimamie presha ya Bibi, nilichekesha njia nzima mpaka mama mmoja mwenye kuku akaniomba nipumzike kidogo, kuku wake wanashtuka.

Presha ya Bibi ilikuwa imenunuliwa mashine. Kuna mkanda wa kufunga mkononi, kiboksi cheupe kinachonguruma, na simu ya zamani ya shangazi. Ukipima, kiboksi kinairushia simu namba bila waya, simu ikipata mtandao inampelekea daktari mjini Morogoro, kisha siku ya miadi daktari anatokea kwenye video na kuongea na Bibi. Barabara yetu ikinyeshewa ni utelezi mtupu, kwa hiyo shangazi aliona heri daktari apande kwa mtandao kuliko Bibi ashuke kwa matope. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kiboksi na simu havinuniani.

Babu alinipokea kwa namna yake. "Mke wangu huyo. Hesabu umepata ngapi?"

"Babu, nimekuja kupumzika."

"Basi sasa najua presha ya mwenzako inatoka wapi."

Bibi, ambaye ananiita mke mwenza tangu sijaota meno, alijibu kutoka jikoni, "Mwache mke mwenzangu ale kwanza, utamfukuza baadaye."

Mashine yenyewe Babu aliiita mdudu. Mdudu wa kina mama, alisema, anakubana mkono kama una deni lake. Nilimwambia ajaribu, akasema presha yake yeye ni mimi, na hiyo haipimwi.

Siku ya miadi tulikaa uani, kwa sababu mtandao pale nyumbani unashika sehemu moja tu, kwenye kona ya jamvi la karafuu. Babu alikuwa amechuchumaa upande wa pili wa jamvi, anachambua vikonyo. Bibi alikuwa amejitanda kanga mpya. Mbele ya simu alikuwa ameweka sahani ya machenza yaliyomenywa.

"Bibi, daktari hawezi kula kupitia simu."

"Asile. Lakini aone amekaribishwa."

Daktari alitokea, dada mwembamba mwenye miwani. Alimwamkia Bibi shikamoo, Bibi akaitikia marahaba, akamuuliza habari za nyumbani, za watoto ambao hana, za mvua ya huko chini. Daktari alijibu yote huku anatabasamu. Kisha akatazama pembeni, palipokuwa na namba, na tabasamu likakata kama umeme.

"Bibi, dawa unameza kila siku?"

"Kila siku. Mke mwenzangu shahidi."

"Kichwa kinauma? Macho?"

"Sina neno, mwanangu."

"Maana naona namba hapa zinapanda na kushuka kama watu tofauti. Halafu juzi asubuhi naona mia mbili na tano kwa mia moja na ishirini. Hii siwezi kuiacha. Nafikiri tuongeze dawa leo hii."

Sikuelewa namba zote, ila nilielewa sauti yake. Nikatafuta kichekesho, nikakikosa.

Bibi hakushtuka hata kidogo. "Juzi? Hiyo si yangu. Watakuwa wageni."

"Wageni gani, Bibi?"

"Wanaokuja kunisalimia. Mtu anapiga hodi, anakukuta umefunga mkanda, utajipima peke yako yeye anakutazama? Huo si ni uchoyo? Nikimaliza namfunga na yeye."

Niliwakumbuka wote. Yule mama wa bondeni aliyeleta mihogo. Muuza pilipili manga. Mzee aliyekuja kuuliza njia tu, akaondoka amepimwa na ameshiba. Nilikuwa nawaona wakifungwa mkanda, nikidhani ni ukarimu wa Bibi kama kawaida, kama vile chai. Kumbe wote walikuwa wanaingia mjini kwa jina lake.

Daktari alivua miwani. "Bibi, mashine haijui mkono wa nani. Ningekuongezea dawa ya mtu mwingine, ungeanguka." Akasogea karibu na kamera. "Sasa sikilizeni. Huyo mwenye mia mbili na tano lazima apatikane leo. Namba ile inaleta kiharusi. Juzi asubuhi alikuja nani?"

Bibi akaanza kuhesabu kwa vidole, akasimama kwenye kidole cha kwanza. "Juzi asubuhi sisi hatukuwepo. Tulikuwa arobaini ya jirani, mimi na huyu."

Simu tulikuwa tumeiacha ndani inachaji kwenye sola, mashine ikiwa pembeni yake. Aliyebaki nyumbani kuchunga karafuu zisinyeshewe alikuwa mtu mmoja.

Nikatupa utani, sauti ikiwa juu kuliko nilivyotaka. "Labda mdudu kampima mbuzi."

Babu hakujibu. Kwa miaka yangu yote sijawahi kumtupia Babu utani akauacha uanguke. Alikuwa ameshika kikonyo kimoja anakizungusha vidoleni, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Nilichukua mkanda nikazunguka jamvi. "Mume wangu, lete mkono."

"Niache nifanye kazi."

"Babu."

"Mdudu wenu mbovu. Nilijaribu tu, akaniandikia namba za pikipiki. Nikajua ameharibika."

"Kichwa kinakuuma?" Bibi aliuliza taratibu.

"Ni harufu ya karafuu."

"Miaka yote hiyo karafuu hazijakuuma kichwa."

Babu akatazama chini, kule barabara inakopotelea migombani. "Kaka yangu alishuka na presha," alisema. "Alishuka anatembea. Mlimpokea nyinyi alivyorudi amebebwa."

Bibi alisogea akaketi karibu yake, akamkunjia mkono wa shati mwenyewe, kama anavyomkunjia mtoto anayekwenda kunawa.

Daktari alielekeza kutoka kwenye simu: mgongo uegemee, miguu isikunjwe, mkono uwe usawa wa kifua, na asiongee. Hilo la mwisho ndilo gumu kwa ukoo wetu. Kiboksi kikanguruma. Mkanda ukavimba. Nilitazama namba zikipanda, nikawa naziomba zishuke kama mtu anayemwomba refa. Zikasimama kwenye mia moja tisini na nane. Tukangoja, tukapima tena. Hazikwenda mbali.

"Ashuke leo," daktari alisema. "Si kesho. Mimi nawapigia hospitali, watamngoja."

Bibi alikuwa ameshainuka. Akarudi na kopo la dawa zake, kidonge tayari kiganjani. "Ameze hiki kwanza, apate nguvu ya njia."

"Hapana, Bibi. Nakuomba. Hicho usimkaribishe mtu."

Bibi alikirudisha kidonge kwenye kopo polepole. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akizuiwa kutoa kitu.

Gari la abiria lilikuwa limeshashuka tangu asubuhi, ikabidi tuite bodaboda. Babu alitafuta vizuizi vyote. Nani ataanua karafuu? Bibi akasema ataanua yeye. Kanzu haijapigwa pasi. Bibi akamvalisha hivyo hivyo. Mwisho akanigeukia mimi. "Ukija na mimi, unarudi na mimi?"

Nilitaka kusema ndiyo, nikaona ni kubwa mno. Nikasema, "Nikikuacha huko nitaolewa na nani?" Akapanda.

Kabla simu haijakatwa, daktari aliniambia mimi: msikilize akiongea. Maneno yakianza kuwa mazito, mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, piga hapo hapo.

Tulipanda mishkaki, dereva mbele, Babu katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Uso wake sikuuona. Mdomo sikuuona. Nilichokuwa nacho ni sauti tu. Nikaanza.

"Babu, hospitali wakikuuliza mke wako ni nani utasema yupi?"

"Mwenye akili ya hesabu. Kwa hiyo si wewe."

Neno kwa neno, safi. Nikapumua. Kona iliyofuata nikauliza tena, upuuzi mwingine, akajibu. Nilimuuliza kuhusu kuku, kuhusu mahari yangu, kuhusu kofia ya dereva. Dereva naye akacheka. Hakujua kwamba nilikuwa napima.

Tulipofika penye mteremko mkali karibu na daraja la chini, nilimwambia, "Babu, unaonekana kijana, wauguzi watakugombania."

Kimya.

Pikipiki ikanguruma. Mikono yangu ilikuwa kifuani kwake, moyo ulikuwa unadunda, ila sikujua kama ni wake au wangu. "Babu?" Mkono mmoja ukaingia mfukoni kutafuta simu. "Babu."

"Nimekusikia," akasema. "Ninatafuta jibu zuri. Usinikimbize."

Nililaza shavu mgongoni kwake. Mji ulikuwa umeanza kuonekana huko chini, mabati yakimetameta, na mimi nikawa nafikiria swali la kumuuliza kona inayofuata.