Paa la Mbingu Likipoa

Nilipokuwa mtoto, Dodoma ikiwa mikononi mwa Wajerumani, nyumbani kwetu hakuna aliyetukana jua likishazama. Bibi alisema mbingu ina paa kama la tembe letu. Mchana paa lina moto, maneno yanaungulia humo. Usiku limepoa, tusi likirushwa linagonga, linarudi chini kwenye nyumba usiyoijua.

Nilimwamini, kama nilivyoamini kwamba ugali unashibisha.

Vita vilipoanza, Wajerumani walitundika waya mrefu juu ya milingoti karibu na stesheni. Mjomba, aliyewachotea maji, alituambia kwamba kwa waya ule wanadaka hewani habari za kwao Ulaya.

"Mchana wananuna tu," alisema. "Jua likizama ndipo habari zinakuja vizuri."

Bibi hakushangaa. "Si niliwaambia? Paa limepoa."

Kesho yake nikayapeleka hayo shuleni. Mwalimu alicheka mpaka akafuta macho.

"Juu hakuna paa, we mtoto. Ni hewa tupu. Sema bibi yako mwongo, ukae. Husemi, toka na usirudi."

Nilikuwa msichana peke yangu darasani, na herufi ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kunizoea.

"Basi nieleze, Mwalimu," nikasema. "Ulaya iko nyuma ya milima na bahari. Kama juu hakuna kitu, habari zinapindaje mpaka hapa?"

Akachukua fimbo. Nikala sita, sikusema alichotaka, nikatoka. Nilirudi kusoma Wajerumani walipokwisha kuondoka, mkubwa kuliko darasa zima.

Juzi nilimuuliza mjukuu wangu, fundi redio pale Nkuhungu, kwa nini redio yangu mchana inakoroma tu, usiku inaleta Ulaya.

"Bibi, juu sana kuna matabaka ya hewa iliyochomwa na jua. Mchana tabaka la chini linameza mawimbi. Usiku linatoweka, mawimbi yanagonga la juu, yanarudi chini mbali kabisa."

Nikamwambia arudie, polepole.

Sisemi Bibi alijua redio. Alijua paa lake, akakisia. Mwalimu hakujua wala hakukisia, alichapa. Ile miaka ya shule niliikosa kweli, na ningeulizwa leo ningetoka tena.

Hadi sasa situkani jua likizama, tusi lisije likamwangukia asiyehusika. Yule mwalimu namtukana mchana.