Shuka Jepesi Kutoka Kasha la Mama

Siku niliyoupeleka mkoba wangu ukapimwe kwa muuza vyuma chakavu, sikuamini macho yangu. Mzee yule ana mizani ya kuning'iniza nje ya kibanda chake, hapa kwetu Mishomoroni, Kisauni, na kazi yake ni kupima mabomba yaliyooza na vyuma vya vitanda. Aliutundika mkoba, akautazama mshale unavyoteremka, akaniuliza nimebeba injini ya gari gani. Kisha akasema kama nauza atanunua hivyo hivyo, hana haja ya kuufungua.

Sikucheka. Mzigo ule wote ulikuwa wa kwenda kulala mlimani usiku mmoja tu, na mimi mgongo wangu ulikuwa hauruhusiwi kubeba hata ndoo ya maji.

Mgongo niliuumiza kazini Changamwe, kwenye yadi ya makontena ninakoandika vibali vya malori. Niliteleza ngazini, nikashuka kwa makalio hadi chini mbele ya madereva. Baada ya matibabu daktari akanishangaza. Nilitarajia aniambie nilale, naye akaniambia nitembee. Nitembee sana, nipande vilima ikiwezekana, ila nisibebe kizito, maana nikirudia kuumia huenda nisisimame tena sawasawa. Nikatoka pale nikijiuliza mtu wa Kisauni, kwenye ardhi bapa kama sinia, atavitoa wapi vilima.

Vilima vilikuwa kwenye meza ya pili ofisini. Mwenzangu wa kazi, mwanamke wa bara, ana kikundi chake cha kupanda milima mwisho wa wiki. Akaniambia wanakwenda Taita, watalala huko juu kwenye mahema, nami nakaribishwa. Sharti lao ni moja: kila mtu hubeba chake, hakuna wa kumbebea mwenzake.

Mama yangu, ambaye ninaishi naye tangu nilipoachika, aliposikia habari hii aliacha kuchambua mchele.

"Mtu ana kitanda na chandarua," alisema, "atoe nauli akalale chini kama aliyefukuzwa na mumewe. Na wewe hata mume wa kukufukuza huna tena."

Nilianza kutafuta vitu. Nilikwenda kwanza kwenye duka moja la Nyali, ndani ya jengo lile lenye ubaridi, nikaonyeshwa hema linaloweza kuingia kwenye mkoba wa bibi harusi. Nikalishika, likawa halina uzito. Nikaangalia bei, nikalirudisha mahali pake taratibu kama yai. Ndipo nilipojifunza jambo ambalo mpaka leo linanikera: katika biashara hii unalipia kile ambacho hakipo. Sufuria isiyo na uzito ni ghali kuliko sufuria. Kijiko chepesi ni ghali kuliko sahani. Mimi nimelelewa na watu wanaogonga sufuria kwa kidole kabla ya kununua, ikilia nyembamba wanaiacha.

Basi nikarudi kwa wenzangu, Kongowea, kwenye mitumba. Huko nilipata hema la mtu mmoja, mwenyewe wa Ulaya alikuwa amevipoteza vigingi vyake, na koti la mvua jembamba kama ganda la kitunguu. Nilipata pia mfuko wa kulalia, mnene, wa watu wa theluji. Nilifurahi nao kweli, mpaka mizani ya mzee wa vyuma iliponitoa furaha.

Jioni ile nikaumwaga mkoba sakafuni nione ni nini kinachonielemea. Mfuko wa theluji ulikuwa nusu ya mzigo. Nusu ya pili ndiyo iliyoniacha kinywa wazi. Kulikuwa na mkebe wa halua, mtungi mdogo wa samli, mchele, chupa ya chai ya chuma, na mahamri ya kulisha kambi nzima, yamefungwa ndani ya leso mbili. Kwetu msafiri hatoki mikono mitupu, ni aibu ya waliobaki. Mama alikuwa akiniwekea kimya kimya kila nilipokuwa kazini.

Nilikasirika. Nilivipanga vitu vyake mbele yake kimoja kimoja, nikamuuliza mgongo huu ukikatika kule juu nani atanishusha. Nikamwambia ule mfuko mnene nauacha, kwa ushauri wa yule mwenzangu. Nitachukua kijiblanketi kidogo na ndani yake shuka lililoshonwa kama mfuko, maana hewa ikinaswa kati ya viwili hivyo joto halitoki. Lakini shuka lenyewe silipati. Ya kwetu ni mazito, ya nailoni yananata, leso ni fupi.

"Nataka kitambaa ambacho ukikishika ni kama hukushika kitu," nilisema.

Mama aliyakusanya mahamri yake akaenda zake, nami nikajua nimemuumiza, lakini nilikuwa na hasira ya kutosha kulala nayo.

Alfajiri ya safari nilimkuta ameketi sebuleni, taa imewashwa. Aliniita, nikaitika abee, akanipa kifuko cheupe kilichofungwa kwa uzi. Alisema amenishonea shuka, kitambaa ni cha zamani, alikuwa nacho kashani. Kifuko kizima kilienea kwenye kiganja changu. Nilikipandisha na kukishusha mkononi nikashindwa kuamini. Wiki nzima nilizurura sokoni, na kitu chenyewe kiko nyumbani. Kilinukia udi, kama kila kitu cha mama. Nikambusu mkono, nikatoka.

Sitaeleza kupanda. Nilipanda na watu wanaonizidi pumzi, nikapumzika kila penye jiwe, na mgongo ulistahimili. Kilichonipiga ni baridi. Mtu wa pwani akisikia baridi hufikiria mvua ya mwezi wa sita na sweta la shule. Kule juu, jua lilipoanza kuzama tu, ukungu uliingia kambini, na vidole vyangu vikakataa kufunga hema. Yule mwenzangu alinisaidia, naye amevaa kikoti chepesi kama yuko Likoni akisubiri feri.

Baada ya kuswali Magharibi niliingia hemani kutandika. Nikaufungua uzi, nikalikunjua shuka. Udi ulikuwa umepotea njiani. Harufu iliyobaki ilikuwa kali, baridi, ya kama dawa. Nilidhani ni mitumba ile ya Kongowea, nikalinusa koti, nikalinusa hema. Halikuwa koti wala hema.

Ilikuwa karafuu maiti.

Niliitambua kwa sababu ndiyo harufu iliyojaa nyumba yetu siku aliyooshwa baba. Nikalivuta shuka lote nje ya kifuko, nikaanza kulikagua. Kitambaa kilikuwa bafta nyeupe, kongwe kidogo, pembezoni haikupindwa. Upande wa miguuni, katikati kabisa, palikuwa na mshono wa mkono, sindano ndogo ndogo za mama, ukiziba tundu. Tundu la kupitisha kichwa.

Nyumbani kwetu liko kasha ambalo mimi siligusi. Mama aliporudi hija alirudi na sanda yake, ameifua mwenyewe kwa maji ya Zamzam. Kila Shaabani huifungua akaianika ndani, mbali na macho ya watu, akaniita nije aniambie kipi ni kipi: hili shuka la chini, hii kanzu, huu ukaya wa kichwani, haya mawili ya kuzungushia. Siku ikifika nisianze kuuliza majirani. Na kila Shaabani mimi hukumbuka kitu jikoni. Sijawahi kuitazama hata mara moja. Ndiyo maana aliponipa mkononi sikuitambua.

Nilitoka hemani bila viatu. Niliitupa sanda? Hapana, niliikumbatia, sikujua niiweke wapi. Mwenzangu aliniona akaniuliza kama ni nyoka. Nikamweleza. Akaniuliza kama kweli kwetu mtu hujinunulia sanda angali hai, nikamwambia wapo. Akaniuliza kama mimi sasa nitalala ndani yake. Baadaye niliona amelisogeza hema lake kidogo upande wa pili wa moto. Alisema ni kwa sababu ya upepo.

Mtandao ulikuwa unapatikana juu ya mwamba mmoja. Nilipanda, nikapiga simu nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Mama, umenipa nini?"

"Shuka. Halikutoshi?"

"Hii ni sanda yako."

Nilimsikia akiizima redio.

"N'likuwa nayo hino moja tu katika nyumba," alisema. "Wewe ulitaka kitambaa ambacho ukikishika ni kama hukushika kitu. Nilifikiri, nikaona hakuna kingine. Hivyo vingine vyote vya dunia ni vizito."

Nilimuuliza yeye je, atavishwa nini. Niliuliza kwa ukali, kama niliyeibiwa.

"Hilo si swali langu, mwanangu. Ni lako. Mimi nilijiwekea kwa sababu kila nikikuita uje uone, hata mato huyafungui. Nikasema huyu siku hiyo hataweza, bora nijitengenezee. Lakini mtu mwenye mgongo mbovu akachukua hema lake akaenda kulala mlimani, huyo si mwoga. Nimeona naweza kumwachia kazi yangu."

Wallahi nimegombana na madereva wa malori na nimegombana na mume mahakamani, na hakuna aliyewahi kunishinda kwa upole namna ile. Nilisimama juu ya jiwe lile na soksi zimelowa, nikatamani kulia na kutamani kumgombeza. Mama akaniambia nijifunike kichwa, ukungu si mzuri, akakata simu.

Nililala ndani yake. Hakukuwa na kingine, na baridi haina adabu. Niliingiza miguu kwanza, nikauhisi ule mshono wa tundu chini ya nyayo zangu, nikasoma dua zote ninazozijua na nyingine nikazirudia. Nilitarajia kukesha kwa hofu. Badala yake nililala fofofo, mpaka nikaamshwa na mlio wa masufuria ya wenzangu wakipika chai. Hilo nalo lilinishtua, na sijalizoea mpaka leo. Nilikuwa na joto kuliko watu wote kambini, na mgongo haukuuma.

Niliporudi mama hakuniuliza habari za mlima. Aliniuliza kama nililala, nikamwambia nililala. Alilichukua shuka, akalinusa moshi, akacheka peke yake. Akalifua, safari hii akalianika nje kwenye kamba, katikati ya leso zetu, kila mpita njia aone. Lilikuwa shuka tu. Kisha akaniambia niende nikamnunulie la kwake, na kwamba nisithubutu kwenda kulitafuta kwenye mitumba.

Nilichukua siku kadhaa kabla ya kwenda. Liko duka la vitambaa barabara kuu ya Kisauni, mwenyewe ni mzee mpole, bafta nyeupe huiweka chini ya meza ili isiwatie wateja wengine huzuni. Nilimwambia nataka ya sanda, ya mwanamke. Aliinama kwa heshima, akanipa pole, akaniuliza marehemu alikuwa na urefu gani.

"Yuko hai," nilisema. "Nimemwacha nyumbani anapika."

Sauti yangu ilitoka kubwa mno, watu wawili wakageuka. Mzee hakushangaa. Akasema alhamdulillahi, basi nimwambie urefu wake. Hapo ndipo nilipogundua siujui. Nilijaribu kukumbuka mama akiwa amesimama karibu yangu, na mkono wangu ukapanda wenyewe kuonyesha pale nilipomzoea tangu utotoni, juu kidogo ya kichwa changu. Nikauteremsha. Nikauteremsha tena. Ulisimama kwenye bega langu, nami nikabaki nimeuacha pale, nikiutazama.

Mzee alinipimia kwa kimo hicho. Akanitandikia aina mbili mezani, akasema hii ni nyepesi, wengi ndiyo wanayopenda, na hii ina uzito kidogo, uzi wake umeshiba. Nilizishika zote mbili, nikazipandisha na kuzishusha mkononi kama nilivyofanya kwa kila kitu siku zile za kutafuta, kijiko, sufuria, koti, hema.

Nikamwambia anikatie ile nzito.