Kibwebwe cha Kitangari

Fundi wangu wa Masasi alidhani nimechanganyikiwa.

"Mwalimu, mfuko wa ndani, tena wenye tundu? Simu itadondoka hapo, halafu lawama kwangu."

Nilimwambia tundu ni dogo, simu haipiti. Sikumwambia kwamba kinachopita pale ni mrija.

Nina kisukari kile kinachoanza utotoni, ambamo mwili hautengenezi insulini hata kidogo. Zamani nilikuwa najichoma sindano mara nne kwa siku. Sasa navaa pampu. Ina ukubwa wa kitochi, ile simu ndogo ya kubonyeza, na dada yangu anayefanya kazi ya unesi ng'ambo ndiye aliyeniletea. Inasukuma insulini kidogo kidogo kupitia mrija mwembamba mpaka kwenye kibomba laini kilichoingizwa chini ya ngozi ya tumbo na kushikiliwa na plasta. Kibomba kikichomoka, dawa inamwagika nje, na baada ya saa chache damu inaanza kugeuka sumu. Pampu yenyewe haijui. Inaendelea kusukuma kama kawaida.

Mwenye suruali anaining'iniza mkandani, basi. Mimi ni mwalimu, navaa sketi na magauni, na ukweni ndiyo kabisa sithubutu kwenda na suruali. Kwa hiyo nilijifunza. Sketi ya marinda inaficha vizuri kuliko sketi ya kubana. Chini ya gauni jembamba navaa taiti na kuibana pampu pajani, upande wa ndani juu ya goti, ili nikikaa isionekane. Kwenye sidiria inakaa, ila inakuwa ya moto na ikilia italia kifuani mbele ya watu wanaokusikiliza. Dera ni rafiki wa kweli: pana, linapwaya, hakuna anayejua kilichomo. Kama nawe una kitu cha kubeba mwilini, anza na dera, ujizoeze nyumbani kukaa, kuinama na kufagia, kisha ndiyo utoke.

Lakini kitambaa hakikuwa tatizo langu. Tatizo langu lilikuwa mikono ya watu.

Nilipokuwa mdogo kwetu Chiungutwa, mke wa jirani alirudishwa kwao kwa sababu mama mkwe wake alimkuta na kifurushi kimefungwa kiunoni. Wakasema ni hirizi ya kumtuliza mume. Sikuwahi kujua kilikuwa nini. Nilimwona tu akipita barabarani nyuma ya baiskeli, ameshika begi mapajani, haangalii pembeni. Nilipoolewa Kitangari, picha hiyo nilikuja nayo. Mume wangu alijua kila kitu. Mama yake sikumwambia, na kila alipokuja kunikumbatia niligeuza bega mbele.

Juni, shule zilipofungwa, tulipanda kutoka Masasi kwenda Kitangari kumtoa mwali unyagoni, mtoto wa wifi yangu. Asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi ya kule juu. Nilivaa dera la kijani, pampu kiunoni kushoto kwenye mfuko wa fundi, kibomba tumboni. Nikajikagua kwenye kioo, mume wangu akasema haionekani.

Ngoma ikakolea. Wifi akanijia na kanga mkononi, na wanawake wenzake wawili nyuma yake.

"Mkwe gani huyu anacheza kama amebeba ndoo! Wifi, kiuno umekiacha Masasi?"

"Kipo, wifi, kinaona haya."

"Leo tunakitoa!"

Kabla sijajibu, kanga ilikuwa imenizunguka. Kibwebwe ni heshima. Anayefungwa anaambiwa kwamba yeye ni wa nyumba hiyo. Kuiondoa mikono ya anayekufunga ni kumtukana. Wifi alivuta kwa nguvu zote, akaweka goti, akavuta tena. Nilisikia mchomo tumboni, kama wa siafu. Nikatabasamu. Nikacheza.

Hilo ndilo kosa langu, na nalisema wazi ili asilirudie mwingine: nilisikia mchomo na sikwenda kuangalia. Kwenda kuangalia kulimaanisha kufungua kibwebwe mbele ya watu.

Baada ya chakula kiu ilianza. Nilikunywa kikombe, kikombe cha pili, cha tatu. Kitangari maji hayachezewi. Yale ya mtungi wa mama mkwe yalitoka mbali, kichwani kwa watu, na tulikuwa kiangazi. Nilipochota mara ya tano niliona ananitazama.

"Mwalimu, una nini?"

"Jua tu, mama."

"Jua gani, na ukungu umeondoka sasa hivi?"

Nilienda bafuni, uani, penye uzio wa mabua. Nikafungua kanga. Kibomba kilikuwa kinaning'inia nje ya ngozi, plasta imejikunja, na dera limelowa kwa dawa, harufu yake kama ya hospitali. Kwa saa tatu nzima mwili wangu haukupata kitu. Nikawaza haraka, na nikawaza vibaya: gari la Masasi linaondoka jioni, nitavumilia. Kisha nikatapika, nikajua sivumilii. Nikiingia garini na sukari kali namna ile naweza kupoteza fahamu kabla ya kufika.

Vifaa vya akiba vilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa chumbani kwa mama mkwe, walimokaa wanawake wazima na mwali. Nilisimama mle bafuni nimeshika mrija mkononi. Nilimwona yule mwanamke wa baiskeli. Nilimwona waziwazi kabisa.

"Mwalimu." Mama mkwe alikuwa nje ya uzio. "Nakusikia unatapika. Naingia."

Akaingia. Akaona pampu, mrija, tumbo langu. Mimi nikaanza kulia kabla hajasema neno.

"Mama, si hirizi. Wallahi si hirizi. Ni dawa ya sukari, imetoka, naumwa."

Akanyoosha kidole, akaigusa pampu.

"Kumbe ndicho hiki."

"Ulikijua?"

"Si nakigusa kila ukija? Mimi nilijua ni simu. Nikasema, huyu mwalimu ana simu yake mkononi, ya pili anaificha kiunoni, anatuona sisi wezi. Miaka miwili nimenyamaza na moyo unaniuma." Akavuta pumzi. "Sasa dawa iko wapi?"

"Kwenye mkoba, chumbani kwako. Ule mweusi."

Alirudi nao chini ya kanga yake, kana kwamba amebeba kuku wa kuiba. Nilipima sukari: ishirini na mbili, na ya mtu asiyeumwa haifiki hata nane. Nilijichoma kwa kalamu ya insulini, maana sukari ikipanda hivyo hutakiwi kuiamini pampu kwanza, unaanza na sindano. Kuweka kibomba kipya kulitaka mikono mitatu, kwa hiyo alinishikia plasta. Alikuwa amefumba jicho moja.

Kisha tukangoja. Sijui kungoja kubaya kuliko huko. Alinikalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaleta maji, na nilipokataa akanisukumia kikombe mdomoni. "Kunywa. Maji nimechota mimi, hukuchota wewe." Kila mara aliuliza, "Imeshuka?" Ishirini na moja. Ngoma ilikuwa inaendelea nje. Kumi na tisa. Nilihesabu pumzi zangu, nikizinusa kama zina ile harufu ya matunda yaliyooza, ya damu inayogeuka sumu, na sikuwa na hakika. Kumi na sita.

"Inashuka, mama."

"Tuombe ishuke."

Sukari ilipofika kumi na mbili, jua limeshateremka, wifi alianza kuniita kwa sauti, kanga nyingine mkononi. Mama mkwe alimpokea kanga mlangoni.

"Huyu nafunga mimi."

"Mama, hujui kukaza!"

"Nenda kacheze huko."

Akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Upande gani?"

Nikamwonyesha. Akaifunga kanga juu, karibu na mbavu, akaweka fundo upande wa kulia na kuingiza vidole viwili ndani kuhakikisha haibani. Nilitoka nje. Nilicheza kwa mkono mmoja, mwingine nimeuweka tumboni, na sikuuondoa mpaka tulipofika Masasi.