Mguu wa Baba Uliochimbiwa Shimo

Nilikuwa Tunduma, kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia, nikitunza ghala la mahindi la mtu mwingine, dada yangu aliponipigia simu kutoka Nairobi.

"Kama unataka kumwona mzee akiwa na miguu miwili, njoo sasa," alisema.

Hakulia. Dada ni kifungua mimba wetu, na tangu utotoni amezoea kumaliza kazi kwanza, machozi baadaye. Jioni ile ile niliomba nafasi katika lori la mchele lililokuwa likielekea Arusha. Tulipita Mbeya kukiwa na ukungu, tukapita Iringa, na baada ya Dodoma dereva akawa anasimama kila mara kuipa injini maji. Karibu na Babati lori likagoma kabisa. Nilikaa kando ya barabara juu ya gurudumu la akiba, nikala mahindi ya kuchoma, nikawaza miguu ya baba.

Katika miaka yangu yote ya kuzurura sikuwahi kumwaza baba akiwa amekaa. Alikuwa fundi katika karakana ya reli, na kila asubuhi alitoka nyumbani kwetu, mtaa wa Tena jijini Nairobi, akaifuata Barabara ya Jogoo kwa miguu hadi kazini. Jumapili, baada ya kanisa, badala ya kupumzika alituchukua sisi watoto twende kutazama watu wengine wanavyoishi. Tulifika Kayole nyumba zikiwa bado chache. Tulifika hadi Mukuru kwa Njenga, ambako upepo wa viwandani ulileta harufu ya sabuni. Hakuwa na shughuli yoyote huko. Alipenda tu kuona kona inayofuata ina nini, na nadhani ndiko nilikoambukizwa.

Kutoka Babati nilipata basi, nikavuka Namanga, nikafika Tena mchana na vumbi hadi masikioni. Baba alikuwa sebuleni, mguu wa kulia ukining'inia kando ya kochi kama kitu alichotundikiwa na mtu.

"Umefika," alisema. "Kaa. Siku hizi mimi ndiye nisiyetoka."

Niliushika wayo wake. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na kwenye kidole cha mwisho kulikuwa na kidonda cheusi kilichokataa kupona.

Maumivu yalikuwa yameanza zamani, kwenye kigimbi, ile nyama ya nyuma ya mguu. Akienda dukani, kinabana kama kimefungwa kamba. Akisimama, kinaachia. Akianza tena, kinabana tena. Mtaani waliamua ni baridi yabisi, wakamsugua kwa mafuta ya kila aina. Yeye mwenyewe aliona aibu, akabuni njia yake: kila mguu ulipokataa, alisimama kana kwamba anataka kumsalimu mtu. Mtaa mzima ulimsifu kwamba uzee umemfanya mpole. Mama wa mboga wa kwenye kona, ambaye mbele ya kibanda chake kigimbi kilibana kila siku, alikuwa ameanza kujiuliza kama mzee anamtaka.

"Na mimi nilikuwa nimeanza kuvaa kitambaa kizuri," aliniambia baadaye, akicheka mpaka akashika meza.

Hospitali ya kwanza ilimwambia dada kwamba mguu ule huenda ukakatwa chini ya goti, lakini kwanza mzee aonwe na daktari wa upasuaji wa mishipa. Habari iliposafiri kwenda nyumbani kwetu kijijini, magharibi mwa Kenya, ilifika nusu ya kwanza peke yake.

Kwetu mtu hazikwi akiwa amepungua. Mguu ukikatwa, hauachwi hospitalini. Unaletwa nyumbani, unazikwa katika boma lake, nao unamngojea hapo hadi siku atakapoufuata. Kwa hiyo jioni moja baba mdogo, nduguye baba anayelinda boma letu, alipiga simu, na dada akaweka sauti ya juu ili sote tusikie.

"Kaka, usiwe na wasiwasi," alisema. "Shimo liko tayari. Nyuma ya nyumba yako, mahali pa kivuli."

Baba aliisogelea simu. "Sasa mnanizika kwa lipa polepole?"

"Usitanie mambo haya."

"Mimi sitanii. Ni nyinyi mnaoanza na miguu. Mwaka ujao mtataka nini, sikio?"

Dada alimweleza baba mdogo kwamba bado kuna daktari wa kuonwa. Alisema amesikia. Lakini alikuwa amewaona wengi wakienda hospitali na kidole cheusi, na hakumkumbuka hata mmoja aliyerudi alivyokwenda.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye umri mdogo kuliko wangu, mwenye sauti ya chini. Alipima msukumo wa damu mkononi, kisha akaupima kwenye kifundo cha mguu, jambo ambalo sikuwa nimeliona likifanywa. Akapaka ute juu ya wayo wa kushoto, akagusisha kidude mfano wa kalamu, na chumba kikajaa sauti: fyuu, fyuu, kama mtu anayefagia uwanja. Akahamia wayo wa kulia. Tulisubiri. Kilichosikika kilikuwa mnong'ono tu.

"Mshipa wa pajani umeziba, baba," alisema. "Mafuta na sigara za miaka mingi. Damu inapita kwenye vijia vya kando, haitoshi kuponya kidonda. Sitaki kuupasua mguu mzima. Nitatoboa tundu dogo kwenye kinena, nipitishe waya mwembamba ndani ya mshipa mpaka uvuke palipoziba. Halafu puto dogo litapita juu ya waya ule, nilijaze lipanue njia. Pakihitaji egemeo, nitaacha kibomba cha wavu ndani, kishike."

"Na waya ukikataa kuvuka?" dada aliuliza.

"Tutajaribu kushona njia ya kando ya kupitisha damu. Hiyo nayo ikishindikana, ndipo tutazungumza habari ya kukata. Lakini kwa picha nilizoona, nina matumaini."

Nilimpenda kwa kutotuficha. Alikuwa pia amekagua mshipa mkubwa wa tumboni, kwa kuwa kwa wazee waliovuta sigara huweza kufura bila wenyewe kujua. Wa baba ulikuwa mzima. Wa mzee wa kitanda cha jirani katika wodi alimolazwa baba, mfanyabiashara wa viazi kutoka Nyandarua, ulikuwa umefura kama mpira wa baiskeli penye tundu la tairi, nao madaktari walikuwa wameuvisha kitambaa kama mkono wa shati kwa ndani, wakipitia kinenani vilevile.

"Mimi nilidhani watanifungua kama gunia," alimwambia baba. "Angalia." Akaonyesha plasta mbili ndogo. "Hata bibi yangu haamini nilifanyiwa kitu."

"Ulilala?"

"Waliniambia naweza. Nikalala. Wewe usilale, uone sinema."

Baba hakulala. Walimtia ganzi kwenye kinena tu, na hadi leo husimulia alivyouona mguu wake kwenye runinga. Anasema dawa ya rangi ilishuka kama mto, ikafika mahali ikakatika, ikabaki vijito vyembamba. Waya ukasukuma, ukarudi, ukasukuma. Daktari alinyamaza kabisa, na baba, aliyekaa maisha yake yote karibu na mafundi, alijua kunyamaza kule, akaacha kutania. Kisha waya ukapita. Puto likajaa, akahisi kama mtu anambana kwa ndani, na waliporudisha dawa ya rangi, mto ukateremka hadi mwisho.

Mimi nilikuwa nje. Walipomrudisha wodini, akiwa ameamriwa alale chali asikunje mguu, niliingiza mkono chini ya blanketi. Wayo ulikuwa na joto. Dada naye aliingiza mkono, ndipo akalia.

Tukiwa katika hali ile, baba mdogo akaingia. Alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye basi la magharibi, amevaa koti lake la mazishi, kwapani ana shuka jeupe jipya.

"Pole, kaka," alisema kwa heshima. "Uko wapi, niuchukue?"

"Nini?"

"Mguu."

Baba alinyoosha kidole kuelekea mwisho wa kitanda. Baba mdogo akafunua blanketi, akaona nyayo mbili, akazitazama moja baada ya nyingine, akaugusa ule wa kulia, akamgeukia dada.

"Walikosea mtu?"

Mzee wa Nyandarua alicheka hadi muuguzi akaja kumwonya kuhusu plasta zake. Shuka lilibaki hapo hapo, baba akajifunika nalo. Shimo la nyumbani lilipandwa mgomba.

Kidonda kilikauka taratibu, wiki baada ya wiki. Sigara zilikwisha, vidonge vikawa vya kila siku, na amri ya daktari ilikuwa moja: tembea. Mwanzoni nilitembea naye. Vijana wanaoosha magari karibu na kona walimzoea.

"Niaje buda, leo husimami?"

"Nisimame nifanye nini? Nyinyi hamna habari mpya."

Mama wa mboga alilalamika kwamba sasa anapitwa kama hajulikani.

Baadaye alianza kuniacha nyuma, kisha akaanza kutoka bila kuniambia. Siku moja alitangaza kwamba mvua zikiisha atahamia nyumbani magharibi, maana huko kuna vilima na hapa ameshamaliza kona zote. Nyumba angemwachia dada. Nikajua kwamba Tena haitakuwa tena na mtu wa kunirudisha, na usingizi wangu ukaanza kuwa mwepesi kama unavyokuwa kila ninapotaka kuondoka.

Siku niliyoondoka kabisa, nilifunga begi asubuhi na kukaa sebuleni kumsubiri baba nimuage. Dada alipika chai, ikapoa. Hakutokea. Nilimpigia simu. Nyuma yake nilisikia jogoo, cherehani, na watu wakibishana.

"Baba, gari langu linaondoka. Uko wapi?"

"Kwani ni leo?" aliuliza. "Wewe nenda tu, mwanangu. Mimi niko mbali."