Ukoo Uliokomea kwa Binti Abdallah

Mwezi uliopita nilirudi Tabora, nyumbani kwetu Kanyenye, kupokea posa ya binti yangu. Wazee wa upande wa kijana walikuja na kanzu zao safi, wakanywa chai, wakasifu maandazi. Mazungumzo yalikuwa matamu hata mimi, nikiwa nyuma ya pazia na wanawake wenzangu, nilishaanza kuwaita wakwe moyoni. Kisha mmoja akamuuliza kaka yangu kwa upole, "Samahani, ninyi hasa ni ukoo gani?"

Kaka akakohoa. Nami, rafiki yangu, nikarudi utotoni, uani kwa bibi aliyetulea.

Bibi alikaanga karanga kwa mchanga kwenye chungu, nasi tukazifikicha na kuzipepeta, tukala na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, mpaka tumbo likakaza. Mwalimu wa shule alitufundisha kwamba ukoo ni watu wa babu mmoja. Kwa jirani yetu, fundi cherehani, ukoo ulikuwa kitu cha kutajwa kwa sauti. Kila hitima, ubani ukiwa bado unafuka, aliwataja marehemu wake, fulani bin fulani, mpaka kwa yule aliyekuja na msafara wa biashara kutoka pwani. Tulisinzia kabla hajafika.

Bibi yeye alimtaja mama yake, kisha bibi yake, binti Abdallah, akaishia hapo. Jina hilo la Abdallah walipewa wengi wasiojulikana baba zao. Sikulijua hilo, nikawa namuuliza huyo Abdallah alikuwa nani.

"Pepeta karanga, mjukuu wangu," alinijibu, kila mara.

Siku moja tu, akiwa mgonjwa, alisema kwamba bibi yake aliletwa na msafara wa watumwa kutoka ng'ambo ya ziwa, mtoto mdogo, ameshika nguo ya mwanamke asiyekuwa mama yake. Alikuja na wimbo wa kubembelezea mtoto. Bibi alituimbia wimbo huo, na maneno yake hata yeye hakuyaelewa. Leo nimebakiwa na mahadhi, nayo nayachanganya. Miaka mingi nilimkasirikia bibi nikidhani anatuficha ukoo wetu. Hakuwa na cha kuficha, maskini.

Kaka aliwajibu wazee kwamba sisi ni watu wa hapahapa Tabora. Wakaitikia, wakamaliza chai, wakasema watatuletea habari. Hazijaja, na hazitakuja. Bibi hayupo, fundi hayupo, na nyumba yake sasa ni duka la simu. Hakuna aliyebaki wa kumuuliza chochote.

Jana binti yangu alinifuata uani, macho yamemvimba.

"Mama, kwani sisi ni ukoo gani?"

Nilikuwa na ungo mikononi. Nikamsogezea ungo.

"Pepeta karanga, mwanangu."