Mama Pukuchu na Pikapu ya Milango Minne

Mteja wa kawaida akifika kwenye yadi ya magari huanza na uso wa gari. Anatazama taa, anapapasa rangi, anajitazama kwenye kioo cha pembeni na kurekebisha kola. Mama Pukuchu alianza na mkia. Alipiga magoti kwenye kokoto, akaingiza kichwa chini ya bampa ya nyuma, akakaa huko muda mrefu hivi kwamba muuza magari akalazimika kuzungumza na soli za viatu vyake.

"Mama, injini iko mbele."

"Najua," sauti ikajibu kutoka chini. "Mzigo wangu mimi utakuwa nyuma."

Alikuwa anakagua chesisi, ile mifupa ya gari, kuona kama imewahi kuvunjika ikaungwa na kupakwa rangi ya kuficha aibu. Akaigonga kwa ufunguo wa nyumbani, huku na huku, kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa. Alipotoka alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi na tabasamu dogo. Pikapu ilikuwa ya milango minne, kijivu, si mpya, si kuukuu. Muuza magari alisema ilikuwa ya daktari mmoja aliyeiendesha Jumapili tu. Yadi nzima, ukimsikiliza yeye, ilikuwa ya madaktari wa Jumapili.

Jina la Mama Pukuchu alipewa na mashine yake. Ni mashine ya kupukuchua mahindi: ngoma ya chuma, injini ya dizeli ya silinda moja, magurudumu mawili, na mkono mrefu mbele wa kufungia kwenye chombo cha kuivuta. Magunzi yanatokea huku, punje kule, na makapi yanaingia kwenye pua za watu wote walio karibu. Zamani alikuwa karani wa ghala, akiwatazama wanawake wenzake wakipiga mahindi kwa fimbo mpaka viganja vinavimba. Akatafuta mashine mbovu, akamganda fundi mpaka akajua kila nati, na sasa amemaliza misimu tisa akizunguka mashambani nayo. Hakuna fundi anayethubutu kuigusa asipokuwepo.

Tatizo lilikuwa moja tu. Mashine ilikuwa na magurudumu lakini haikuwa na miguu. Ilitegemea trekta la jirani mmoja aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Niko Njiani, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kila alipopigiwa simu. "Niko njiani," anasema, nawe unasikia kabisa kijiko kikigonga kikombe cha chai. Msimu uliopita alikuwa njiani siku nne. Mvua ikafika kabla yake, mahindi ya wateja wawili yakaota yakiwa juu ya turubai, na lawama zote zikamwangukia Mama Pukuchu.

Hiyo ilikuwa sababu ya kutaka gari. Sababu ya kutaka milango minne ilikuwa mama mkwe wake.

Miaka miwili nyuma bibi huyo alianguka bafuni akavunjika nyonga. Gari lililopatikana upesi lilikuwa pikapu ya kukodi yenye kiti cha mbele tu, na kiti chenyewe kilikuwa kimejaa dereva na rafiki zake. Bibi akalazwa nyuma juu ya magunia, akafunikwa turubai, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mkwewe, kila shimo la barabara likimpiga. Walipofika hospitali alisema, "Leo nimesafiri kama mahindi. Ila mahindi huwa mnayafunga vizuri zaidi." Watu walicheka. Mama Pukuchu hakucheka. Palepale kwenye benchi la mapokezi alikata shauri: gari litakaloingia kwake litakuwa na kiti cha Mama chenye mgongo, mkanda na dirisha, na mashine itafuata nyuma. Vyote viwili. Hakutaka kuchagua kimoja.

Nyumbani waliligeuza suala hilo kuwa somo. Mume wake ni mwalimu wa hesabu ambaye chombo pekee anachokiendesha ni darasa. Kila jioni kwa mwezi mzima alijigeuza gari: akifunga toroli la bustani kiunoni kwa kamba na kurudi kinyumenyume uani, mkewe akiwa nyuma yake akiamuru. "Kushoto! Hapana, ukitaka toroli liende kushoto wewe nenda kulia!" Tela hurudi kinyume cha usukani, na hilo halifundishiki kwa maneno. Mwalimu aliangusha ndoo tatu na uzio wa kuku, lakini mke akajua kurudisha tela kabla hajawa na gari.

Basi Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya majaribio. Jumatatu msimu ungeanza, na wateja sita walikuwa wameahidiwa kwamba safari hii mashine itakuja kwa miguu yake yenyewe. Niko Njiani aliivuta mashine hadi yadini kwa mara ya mwisho, akachelewa saa mbili kwa heshima ya siku hiyo. Mwalimu alikuja na watoto watatu na bibi. Na shemeji naye akaja, ingawa hakualikwa na mtu.

Shemeji, mdogo wake Mwalimu, aliwahi kuendesha lori miezi minne, na ameisimulia miezi hiyo kwa miaka kumi na minne. Alikuja na shati jeupe na suruali yenye mkunjo wa kukatia keki. Alipoiona ile pikapu ya kijivu alisonya. Akaenda kusimama kando ya nyingine, kubwa, nyekundu, ya milango miwili, magurudumu yanafika kiunoni.

"Shemeji, hili ndilo gari. Hili lina kifua!"

"Na Mama atakaa wapi?"

"Mbele hapa. Watoto nyuma wanapata upepo."

"Kwa magurudumu hayo, Mama atapandia ngazi ya nani?"

Shemeji akaitazama miguu ya mama yake, akaanza kukagua taa.

Mama Pukuchu akafungua mlango wa ile ya kijivu. Alikwisha kuamua kwamba kipimo cha urefu wa gari ni goti la mama mkwe. Bibi akashika mpini wa ndani, akaweka mguu mzima kwanza, akajivuta, akakaa. Akajifunga mkanda. Akateremsha kioo, akakipandisha, akakiteremsha tena.

"Hapa pana hata pa kuweka mkoba," akasema, na akauweka, kama mtu anayeweka jiwe la msingi.

Watoto wakaingia. Ikabaki mashine. Wanaume watatu wakaunyanyua mkono wake kwa kelele nyingi na kuushusha kwenye ndoano ya nyuma ya pikapu.

Gari likakaa chini kama mbwa aliyeamriwa.

Mkia ulizama, pua ikatazama mawingu. Mama Pukuchu akawasha, akaondoka polepole, na kabla hajafika getini aliusikia usukani mwepesi mikononi, kana kwamba ameshika sinia. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanaigusa ardhi kwa kuionea huruma tu. Hatua hamsini, akasimama.

Shemeji akafika mbio, amefurahi kama aliyeshinda kesi.

"Nilisema! Gari hili halina kifua. Sasa chagua moja, shemeji. Ubebe familia au uvute mashine."

Muuza magari naye akageuza kibao. "Kusema kweli hata mimi nilikuwa naona haya kukwambia, mama. Lile jekundu sasa..." Lile jekundu, ambalo bei yake ilikuwa juu kuliko magurudumu yake.

"Na mimi nipo," akasema Niko Njiani, ameegemea trekta. "Mwaka huu nitawahi."

Mama Pukuchu aliutazama ule mkia uliozama. Misimu tisa ya makapi puani, mwezi mzima wa kumzungusha mume uani, na ahadi ya lile benchi la hospitali, vyote vilikuwa vimening'inia kwenye ndoano moja. Ndipo akasikia mkanda ukifunguliwa kwenye kiti cha nyuma.

"Chukua lile kubwa, mwanangu," bibi akasema taratibu, mkoba tayari mkononi. "Mimi magunia nimeyazoea."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kelele zote za shemeji.

"Mama, kaa hapohapo. Funga mkanda."

Akashuka. Akaizunguka mashine yake mara moja, mara mbili, akasimama mbele ya ule mkono. Wanaume watatu. Kwa nini wanaume watatu? Msimu wa kwanza aliunyanyua peke yake, tena akiwa na mimba ya mtoto wa mwisho. Chuma hakinenepi.

Akaitazama injini. Ilikuwa imekaa mbele kabisa, juu ya mkono. Halafu akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mabega.

"Kosa si la gari," akasema kwa sauti, kila mtu asikie. "Kosa ni langu mwenyewe."

Misimu miwili nyuma Niko Njiani alilalamika kwamba mashine inarukaruka nyuma ya trekta. Mama Pukuchu akaipeleka kwa mchomeleaji, yakatobolewa matundu mapya, injini ikasogezwa mbele hadi juu ya mkono. Mashine ikatulia. Trekta ni tembo, halikuhisi kitu. Na yeye tangu hapo amekuwa akitamba kwa wateja: mashine yangu siku hizi nzito, wanaume watatu hawaiwezi! Alikuwa anajisifia kwa ugonjwa.

"Mzigo wote umeulalia mkono, na mkono unaulalia mkia wa gari," akasema. "Hata lile jekundu lingechuchumaa, basi tu lina soli ndefu. Ushusheni mkono kwenye ndoano, mlete bomba."

Akatoa spana namba kumi na tisa kwenye sanduku lake. Matundu ya zamani, juu ya ekseli, yalikuwa bado yapo, yamejaa matope na grisi. Akayazibua kwa bisibisi. Akalegeza nati nne, akapitisha bomba la chuma chini ya injini, akawapanga wanaume kama kiranja anavyopanga foleni. Shemeji alijaribu kusimama upande wa kutoa ushauri.

"Wewe mwenye kifua, njoo huku," akamwambia. "Moja, mbili, tatu!"

Injini ikahamia matundu ya zamani, nati zikakazwa. Shati jeupe likapata ramani ya grisi kuanzia kola hadi kitovuni, na bibi dirishani akapiga makofi.

Mwalimu alikuwa ameshika kidevu. "Kumbe ni kanuni ya nyenzo! Egemeo na mzigo. Naifundisha kila mwaka!"

"Unaifundisha, mume wangu. Ila mashine hujawahi kuiandikisha darasani."

"Na mkanda wa injini? Pale injini ilipo sasa, huu utakuwa mrefu mno."

"Ule wa zamani uko nyumbani, kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko. Ule ule ulioniambia niutupe."

Mwalimu akarudisha mkono kidevuni.

Kisha Mama Pukuchu akauinamia mkono wa mashine, akautia mikono miwili, akaunyanyua peke yake hadi magotini. Ulikuwa na uzito, lakini ulikuja. Ndivyo alivyotaka: ukiwa mwepesi mno, tela litapunga mkia barabarani, ukiwa mzito mno, ni yale ya mawingu. Akausogeza, akauweka kwenye ndoano bila msaada wa mtu. Pikapu ikashuka kidogo, kama mtu anayeitikia salamu, ikatulia.

Wakaenda kwenye kilima cha tangi la maji, familia nzima ndani na mashine nyuma. Katikati ya mwinuko alisimama makusudi, akavuta breki ya mkono, akahesabu kumi. Akaachia klachi taratibu, injini ikanguruma, na gari likapanda bila kurudi hata unyayo. Kushuka, jambo ambalo shemeji hakuwa amelitaja hata mara moja, akateremka kwa gia ya pili, mashine ikifuata kwa adabu bila kumsukuma. Usukani sasa ulikuwa mzito wa kutosha, usukani wa gari lenye miguu minne chini.

Walipofika yadini, muuza magari akamwonyesha nafasi ya kushushia mashine, kati ya jekundu na ukuta. Ilikuwa nyembamba. Huenda alitaka kuona kitu. Mama Pukuchu akaweka gia ya nyuma. Mara ya kwanza mashine ilikwenda kombo ikalinyemelea lile jekundu, na muuza magari akashika kichwa. Akasogea mbele, akanyoosha, akamtazama mumewe aliyekuwa ameshuka na kusimama mikono kiunoni, pale pale lilipokuwa likifungwa toroli. Safari hii usukani ukaenda kulia, mashine ikaenda kushoto, ikaingia moja kwa moja.

Niko Njiani alivua kofia. Shemeji, kwa shati lake la ramani, akamgeukia muuza magari akasema kwa sauti ya juu, "Huyo ni shemeji yangu, unasikia? Wa kwetu huyo!"

Jumatatu asubuhi, pikapu ya kijivu ikiwa imeshalipiwa, umande ulikuwa haujakauka. Mkanda wa zamani ulikuwa mahali pake, watoto wako shuleni, na bibi, ambaye hakuna aliyemwomba aje shambani, alikuwa kiti cha mbele na mkoba mapajani. Simu ikaita. Mama Pukuchu alikuwa na mikono miwili kwenye usukani, basi bibi akapokea.

"Mko wapi?" mteja akauliza, sauti imejaa msimu uliopita.

"Tuko njiani."

Upande wa pili ukasikika mguno mrefu. Maneno hayo alikuwa ameyashiba. Bibi hakubishana naye. Aliteremsha kioo, akautoa mkono wake wote nje na simu, akaielekeza nyuma, kule mashine ilikokuwa ikigongagonga na kucheza juu ya barabara ya changarawe. Akaishikilia hapo mpaka aliporidhika.

"Umesikia?" akamuuliza alipoirudisha sikioni. "Basi fungua geti. Na mabawa yote mawili, maana mkwe wangu anaingia na tela."